Chuo Kisinyamaze

Wako watu wasemao kwamba kazi ya chuo ni kusomesha Kurani tu, na kwamba mambo ya intaneti ni ya shule na wazazi. Neno hili lasikika vyema, walakini halina nguvu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango, wako watoto waliosomeshwa Kurani kwa simu. Chuo chenyewe kimekwisha kuingia mtandaoni. Kitakataaje kufundisha adabu za mahali kilipoingia?

Tena adabu hizo si ngeni. Sura ya An-Nur, aya ya 27, yakataza kuingia nyumba ya mwingine bila idhini na salamu. Aya ya 58 yawataka hata watoto wabishe hodi katika nyakati tatu za faragha. Al-Hujurat, aya ya 6, yaamuru habari ya mwovu ichunguzwe kabla ya kusadikiwa. Simu ni mlango usio na bawabu. Mgeni huingia bila hodi, hujifanya mtoto, husifu, huomba picha, husihi iwe siri, kisha hutisha. Mtoto azijuaye hatua hizo atashtuka mapema.

Wengine huogopa kwamba kutaja hatari ni kuamsha tamaa. Mvuvi wa Lamu humwonyesha mwanawe mkondo ulipo, hamfichi bahari. Wengine wataka simu zinyang'anywe. Anyang'anywaye leo ataazima kesho, naye ataitumia kwa kujificha.

Lakini hoja iliyo kubwa ni hii. Mtoto aliyetishwa hunyamaza kwa kuogopa aibu, na huiogopa zaidi mbele ya mwalimu wake wa dini. Fimbo na lawama humfunga mdomo, na kimya chake ndicho silaha ya dhalimu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yamkinga na dhuluma za mtandaoni, na nambari 116 hupokea kilio chake bila malipo. Bali hayo hayamfai mtoto asiyethubutu kusema.

Yatosha robo saa kila juma. Afunzwe asijibu vitisho, asifute ushahidi, amwambie mtu mzima amwaminiye. Na mwalimu atamke waziwazi kwamba aliyedhulumiwa hana lawama. Chuo kilichozoeza ndimi za watoto kutamka kila herufi kwa haki yake hakiwezi kushindwa kuzifunza kusema, "Maalim, nimetishwa."