Taa Iliyodanganya

Machi 24, 2022, mtoto wa miaka 14 aliponyoka kitini na kufariki katika mnara wa burudani wenye urefu wa mita 130 hivi, mjini Orlando, Marekani. Wataalamu walikuta kwamba kifaa cha kupima kama kizuizi cha mabega kimefunga kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono. Mwanya ulikuwa mkubwa, na taa ya usalama ikawaka vilevile! Mkanda wa kiuno haukuwapo, ingawa gharama yake ni ndogo mno. Sheria ya kuulazimisha Florida ilikuja mwaka 2023, baada ya mazishi.

Sisi twasema ukaguzi wa vyeti hautoshi. Mkaguzi wa michezo ya aina hii hana budi kuupima mwanya wa kila kiti kwa rula, bila kuitazama taa.