Wanafunzi na waunde ala zao

Wako wanaodai kwamba muziki wa elektroniki ni wa wenye fedha pekee. Dai hilo silikubali.

Mnamo 1983, watengenezaji wa ala wa Marekani na Japani walizindua lugha moja ya kuunganisha vinanda, iitwayo MIDI. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliokuwa mstari wa mbele, hawakutaka itozwe ada. Lugha hiyo haibebi sauti bali hubeba amri: piga noti fulani, kwa nguvu kadha, kuanzia 0 hadi 127.

Kwa hivyo, mwanafunzi aweza kuunganisha swichi chache na kompyuta ndogo kama Arduino, iliyobuniwa Italia mwaka wa 2005, akapata kidhibiti chake. Akiongeza sikwensa, yaani programu inayopanga noti na kuzirudia, atatumbuiza jukwaani huku akiubadilisha mdundo papo hapo.

Yamkini msomaji atauliza: je, mitambo hii haitaziua ala zetu za jadi? Naona kinyume. Kinanda cha dukani kwa kawaida huigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, na nyatiti haifungwi na mgawanyo huo. Aliyejiundia kidhibiti aweza kuamuru kila noti ipandishwe au ishushwe kidogo hadi ilingane na nyuzi za nyatiti. Anayenunua tu huimba kwa kipimo cha mwingine.

Basi walimu wa muziki na wa sayansi na washirikiane. Mcheza kwao hutuzwa, lakini kwanza awe na chake cha kuchezea.