Tawakkaltu si ushahidi

Makamanda, kuna kesi ya zamani ambayo kila mtu ana hukumu yake mfukoni. Tarehe 31 Oktoba 1999, ndege ya EgyptAir namba 990, Boeing 767, ilitoka New York kwenda Cairo ikaishia baharini karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Watu 217, hakuna aliyepona.

Rubani mkuu alitoka kidogo, akabaki rubani msaidizi peke yake. Kinasa sauti kikamnasa akisema "tawakkaltu ala Allah". Ndege ikainamisha pua, naye anarudia maneno yaleyale. Haukupita mwezi magazeti ya Marekani yameshamaliza kesi: huyu kajiua, si mnasikia anaaga? Yakaongeza kwamba alitamka ameshafanya uamuzi, maneno ambayo kwenye kinasa sauti hayamo.

Sasa jamani, nani kwetu hajatawakali? Dereva anawasha basi alfajiri kwa tamko hilohilo. Nahodha wa jahazi pia. Ukimfunga mtu kwa hilo, nusu ya Tanga iko ndani.

Lakini na upande wa pili tusidanganyane. Misri, yenye shirika lake, ilisema ni hitilafu ya mitambo mkiani. Hapo siwaelewi. Rubani mkuu alirudi anauliza kuna nini, anamwomba mwenzake wavute pamoja. Vibawa vya mkiani vikawa vinavutana, kimoja kinapandisha pua, kingine kinashusha. Injini zikazimwa. Hiyo si kuteleza kwa mkono, wala sioni kosa la kawaida la rubani linalofika huko.

Ripoti ya wachunguzi wa Marekani, 2002, ilisema ndege iliangushwa na alichofanya rubani msaidizi, ila sababu ya kufanya hivyo haikubainika. Wapo walioiita uoga. Mimi naiheshimu, maana kinasa sauti kinakupa mkono, hakikupi moyo wa mtu.

Na angalieni: Boeing ni ya Wamarekani, ndege ni ya serikali ya Misri. Kila mmoja alikuwa na mali ya kulinda. Tunaweza kuwabishia wote wawili kwa sababu moja tu, maneno ya kinasa sauti yalichapishwa, neno kwa neno, kila mtu asome. Ndiyo maana tume ikiundwa hapa kwetu mimi siulizi mwenyekiti nani. Nauliza ripoti nzima tutaisoma lini.