Kutu ya Likoni nayo ni mada ya digrii

Mdau, ukipita Likoni, Mtongwe au Kisauni, inua macho. Tazama chini ya roshani za zile flati: simiti imepasuka, inabanduka, chuma kimejitokeza chekundu kwa kutu. Sisi twasema "fundi kaiba simiti", halafu twaendelea na safari. Saa nyingine kweli kaiba. Lakini kuna mshukiwa mwingine hatumtaji: chumvi.

Sikiza. Chuma ndani ya zege hulindwa na zege lenyewe. Chumvi ikiingia, iwe kwa upepo wa bahari, mchanga wa ufuoni au maji ya kisima cha chumvi, ule ulinzi unavunjika. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hivyo inasukuma zege mpaka lipasuke. Nyumba yaliwa kutoka ndani, na kodi walipa kila mwezi.

Kuna watu wanasomea haya mpaka uzamili na uzamifu. Ni sayansi ya malighafi: kujua kwa nini kitu kinashika, kinaoza au kinavunjika. Kuba ni kisiwa, chumvi inaijua. Fernando Martirena wa Santa Clara, pamoja na Karen Scrivener wa Lausanne, Uswisi, walitengeneza saruji iitwayo LC3. Karibu nusu ya klinka inaondolewa, panawekwa udongo uliochomwa na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Chumvi inapata taabu kulipenya zege lake.

Mawe ya chokaa hapa si tunayo? Bamburi inachoma saruji kwa matumbawe tangu 1954. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593 kwa matumbawe na chokaa, ingali imesimama. Haina chuma ndani cha kuliwa.

Mimi chuo niliacha, sina digrii ya kukuringia. Lakini wewe unayetafuta mada ya utafiti, usikopi ya mtu. Pima mchanga unaouzwa Kisauni. Pima maji wanayochanganyia mafundi Likoni. Kisha tasnifu usiifungie maktaba: iandike upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, uipeleke kwenye mjengo. Na vyuo vyetu vifungue maabara hata siku moja kwa wiki, fundi alete ndoo yake ya mchanga apimiwe.

Mpangaji wa ghorofa ya nne hana haja na "Dkt." mbele ya jina lako. Haja yake ni slabu isimwangukie.