KALIBU NI YA NANI?

Siku hizi kila mwenye wazo la kutengeneza kitu atakwambia, "Naenda Uchina." Mwenye taa ya jua aenda Guangzhou, mwenye mashine ya kupukuchua mahindi aenda Yiwu, na yule aliyechora jiko lake kwa penseli katika karatasi ya daftari naye anatafuta tiketi. Hatuwalaumu. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali mno, na karakana zetu zenye mashine za kuichonga barabara ni chache. Lakini liko swali moja ambalo wafanya biashara wetu hawaulizani: huyo utakayempa wazo lako akutengenezee, ukisha kuondoka kwake, kipi kitakuwa chako na kipi kitabaki kwake?

Jambo hili si geni kwetu. Itazameni khanga. Khanga kama tuijuavyo ilipata umbo lake Unguja na pwani katika miaka ya 1876 hadi 1886 hivi. Aliyeamua mji upi unapendeza na pindo lipi limechakaa alikuwa mwanamke wa Unguja, na mwenye duka aliyeleta nakshi isiyompendeza alikaa nayo mpaka nondo wakaila. Wenye maduka wakapeleka michoro Ulaya, na viwanda kama cha P. F. van Vlissingen, katika mji wa Helmond, Uholanzi, vikapiga chapa nguo, zikarudi kwa meli. Akili ilikuwa ya huku. Mashine, maarifa ya rangi na madaftari ya vielelezo yakawa ya kule. Kiwanda kile leo chaitwa Vlisco, kingali pale pale Helmond, na vielelezo vya khanga walizojifunga bibi zetu vimo katika kabati zake. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, khanga ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka themanini. Miaka themanini ya kubuni sisi na kujifunza wao!

Basi tumtazame na yule aliyekaa upande wa pili wa meza. Shenzhen ilifanywa eneo maalum la uchumi mwaka 1980. Viwanda vyake vilianza kwa kutengeneza vitu vya wageni, kwa michoro ya wageni. Kampuni ya Huawei, iliyoanzishwa huko mwaka 1987, ilianza kwa kuuza mitambo ya simu iliyotoka Hong Kong. Baadaye ikaunda yake. Mchina hakuiba hapo. Alikaa karibu na kazi, akaangalia, akaandika. Nasi tukimpelekea wazo letu bila ya fundi wetu kusimama pale, tusishangae somo likabaki kwake.

Kwa hiyo kumchagua mwenzi si kutafuta bei ya chini. Kwanza ujue unasema na nani. Wengi wajiitao viwanda ni madalali wenye chumba kimoja na simu mbili. Udalali si haramu, lakini dalali hataki ukijue kiwanda, na kiwanda hakikujui wewe. Kitu kikiharibika kila mmoja atamnyoshea mwenziwe kidole. Dai cheti chake cha biashara. Kila kampuni ya Uchina ina namba moja yenye tarakimu na herufi 18, nayo yatazamika katika daftari la serikali yao lililo wazi kwenye intaneti. Humo imeandikwa kampuni ilianzishwa lini, nani mwakilishi wake kwa sheria, na imeruhusiwa kufanya kazi gani. Ikiwa imeandikishwa kwa biashara ya kuuza na kununua tu, wala uzalishaji haumo, mtu huyo hana kiwanda, hata akikutumia picha mia za mitambo.

Kisha jina. Kwa sheria ya Uchina, alama ya biashara ni ya aliyetangulia kuiandikisha, si ya aliyetangulia kuitumia. Kuandikisha BRELA kunakulinda Tanzania Bara tu, hata Zanzibar ina ofisi yake. Atakayeandikisha jina lako kule kabla yako aweza kuzuia mzigo wako mwenyewe usitoke bandarini. Wenzetu wa Kenya waliyaona haya kwa njia nyingine, pale kampuni moja ya Uingereza ilipoomba mwaka 2006 kujiandikishia neno "Kikoy". Wakasimama wakapinga, na ombi halikupita. Kikoi kilikuwa na watu wengi wa kukipigania. Taa yako itapiganiwa na nani? Na umbo la kitu likisha kuonyeshwa hadharani, haki yake ni ngumu kuipata, maana sheria yataka kiwe kipya. Ukitangulia kuliombea hapa, Mkataba wa Paris wakupa miezi sita ya kuomba nchi nyingine bila ya kupoteza nafasi yako ya kwanza. Kwa uvumbuzi wenye hataza ni miezi kumi na miwili. Miezi sita hupita upesi kuliko visa ya wengine.

Sasa kalibu, ambayo ndiyo roho ya maneno haya. Mtu hulipa kalibu, akapewa risiti, akadhani ni yake. Mwaka wa pili bei imepanda, anataka kuhamia kiwanda kingine, anaambiwa, "Ulilipia gharama ya kuichonga, hukuinunua." Maneno mawili katika mkataba yangemwokoa! Mkataba uandikwe kwa Kichina, na useme wazi kuwa kalibu na michoro ni mali ya mnunuzi, na atazichukua siku atakayo. Tena utaje mahakama ya kule kule, kwani hukumu ya mahakama ya Kisutu haitamtisha mtu wa Shenzhen. Namba na jina lako vichongwe katika chuma chenyewe. Sampuli mlizokubaliana ziwe mbili, zitiwe saini, moja kwako na moja kwao, na fungu la mwisho la fedha lisitoke mpaka mtu wako amefungua makasha kabla ya kupakiwa.

Lakini michoro ichorwe wapi? Hapa ndipo tunapogombana na ndugu zetu. Tunayo TEMDO kule Arusha, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1980 kwa kazi hii hasa ya kusanifu mitambo, na SIDO tangu mwaka 1973. Mtu awapita hao wote, aenda kumwomba mgeni amchoree, kisha alalamika kuwa mgeni ameshika michoro. Amchoreaye ndiye aliyeishika tangu siku ya kwanza! Aende na michoro iliyokwisha, na fundi aliyeichora aende naye, akae kiwandani kalibu ikichongwa.

Na wakubwa wa ofisi nao wasikae kimya. Ubalozi wetu Beijing ufungue daftari la viwanda vilivyowadhulumu wananchi, na BRELA itoe karatasi moja, kwa Kiswahili, ya namna ya kuandikisha alama Uchina na gharama zake. Hivi sasa kijana aliyenyang'anywa kalibu apeleke barua yake dirisha gani?