Hiyo Unaita Fujo Ina Mpangilio

Wasee, tuache kuita kila kitu tusichokielewa fujo. Twende na metali.

Pale Kariobangi Light Industries mafundi wanayeyusha aluminiamu chakavu na kuimwaga kwa moldi. Ikipoa, atomu zinajipanga safu kwa safu kama kreti za soda. Huo mpangilio ni fuwele, na karibu kila metali unayoshika iko hivyo.

Lakini 1960, Pol Duwez na wenzake kule Caltech, Marekani, walipoza dhahabu iliyochanganywa na silikoni kwa spidi ya karibu digrii milioni moja kwa sekunde. Atomu hazikupata muda wa kupanga safu. Ikatoka glasi ya metali: si ya kuona ndani kama dirisha, lakini haina fuwele.

Wengi huishia hapo, ati siri ni spidi tu. Mimi nakataa. Mwaka wa 1952, Mwingereza Charles Frank alisema kwamba metali ikiwa bado maji, atomu 12 zinaweza kuizunguka moja ya katikati, kwa umbo la tano-tano. Sasa jaribu kujaza sakafu na taili za pande tano zilizo sawa. Mianya lazima ibaki! Umbo hilo linafaa atomu chache, lakini haliwezi kurudiwa mpaka liwe fuwele. Kwa hivyo fuwele ikitaka kuanza, ni lazima kwanza ivunje hizo mbogi ndogo.

Changanya atomu kubwa na ndogo vizuri, na kuzivunja kunakuwa ngumu zaidi. Mwaka wa 1993, Atakan Peker na William Johnson walitangaza aloi ya zirikoniamu, titaniamu, shaba, nikeli na beriliamu inayogeuka glasi hata ikipozwa digrii chache tu kwa sekunde. Kutoka milioni hadi chache!

Si ati kesho tutaipika Kariobangi. Beriliamu ni sumu. Lakini fundi anajua moto na hakuna aliyewahi kumwambia habari za atomu, na mwanafunzi anajua atomu na hajawahi kusimama kando ya tanuri. Hiyo ni hasara yetu sote. Vyuo vya ufundi vilete darasa hapo kwa moto. Mimi niliacha chuo, na bado hii elimu ni yangu pia.

Na mtu akikuambia Eastlands ni fujo tupu, muulize: ulihesabu majirani, ama uliangalia tu kama kuna safu?