Nani Ameirarua Shajara ya Mchoraji?

Mwaka jana kamati ya masomo ya uzamili katika idara moja ya chuo kikuu ilimrudishia mwanafunzi pendekezo lake la utafiti. Alitaka kuhakiki shajara za wachoraji waliosafiri ugenini, zile ambazo maneno na michoro huishi katika ukurasa mmoja. Uamuzi ulikuwa mfupi: maneno yabaki huku, michoro ipelekwe Idara ya Sanaa. Nilikuwemo katika kikao hicho. Nilisema machache, tena kwa sauti ya chini kuliko ilivyonipasa. Makala haya ni yale niliyostahili kuyasema siku ile.

Hoja ya wenzangu ilikuwa kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha, na kwamba mhakiki wa fasihi hana zana za kuusoma mstari wa penseli. Fasili hiyo sote tunaifundisha katika mwaka wa kwanza, na sina ugomvi nayo hadi pale inapogeuzwa kisu. Hebu tuitazame shajara yenyewe kabla ya kuipasua.

Eugène Delacroix aliondoka Ufaransa mwezi Januari 1832, akiwa na umri wa miaka 33, katika ujumbe wa kibalozi ulioongozwa na Charles de Mornay kwenda kwa Sultani Abd al-Rahman wa Moroko. Alirejea mwezi Julai. Katika miezi hiyo alikaa Tangier, akafika Meknes, akaiona kusini ya Uhispania na kutua Algiers kwa siku chache. Alijaza madaftari saba. Manne yamesalia: matatu yamo Louvre na moja liko Chantilly. Alikuwa pia na shajara ya maneno matupu, aliyoianza mwaka 1822, akaitupa baada ya miaka miwili na kuirudia mwaka 1847. Lakini madaftari ya Moroko ni jambo jingine kabisa. Humo neno limejibanza pembeni mwa ukuta, au ubavuni mwa farasi, au juu ya kilemba cha mtu. Aghalabu neno hilo ni jina la rangi tu. Mchoraji alikuwa safarini au katikati ya umati, hakuwa na nafasi ya kuchovya brashi, basi akaiandika rangi kwa herufi ili aje aipake baadaye. Hapo neno haliuelezi mchoro. Neno ni deni, ambalo rangi ya maji italilipa jioni, au haitalilipa kamwe.

Sasa lete mkasi wa kamati. Matoleo ya shajara hiyo yaliyoanza kutolewa mwaka 1893 yaliyapanga maneno ya Moroko katika mistari iliyonyooka, kama nathari nyingine yoyote. Msomaji hukutana na msururu wa nomino na vivumishi visivyo na kitenzi. Nimewahi kumsikia msomi, tena msomi ninayemheshimu, akidai kwamba Delacroix alipofika Afrika alipungukiwa na mtindo. Maskini! Hakupungukiwa na kitu. Kitenzi alikichora. Aliyekiondoa ni mhariri, na aliyeujengea hoja upungufu huo ni mhakiki asiyetaka kuufunua ukurasa wenyewe. Siku hizi hata udhuru wa umbali hatuna, kwa kuwa kurasa nyingi za madaftari hayo hutazamwa kwa intaneti na yeyote mwenye subira.

Kuna kundi la pili la wapinzani, nalo nalichukulia kwa uzito zaidi. Hao huuliza: kwa nini tumpe nafasi mtu aliyekuja chini ya kivuli cha bendera? Ufaransa iliivamia Algiers mwaka 1830, na ujumbe wa de Mornay ulikwenda kumtuliza Sultani ili asije akajiingiza katika vita vya Aljeria. Wenzangu hawa wamemsoma Edward Said, na wamesoma makala ya Linda Nochlin ya mwaka 1983 kuhusu Mashariki iliyobuniwa na wachoraji. Nakubaliana nao karibu katika kila jambo. Ila nawauliza: ushahidi wa mashtaka hayo mtautoa wapi, ikiwa michoro mmeifukuza? Delacroix hakuweza kuingia nyumba za Waislamu wa Tangier apendavyo. Mlango aliofunguliwa ulikuwa wa Wayahudi, kupitia mkalimani Abraham Benchimol, na humo akahudhuria harusi ambayo baadaye aliigeuza mchoro mkubwa ulioonyeshwa Paris mwaka 1841. Nani kachorwa kwa utulivu, nani kachorwa kwa mistari mitatu ya haraka na bila sura, nani hayumo kabisa: mambo haya hayamo katika sentensi hata moja. Yamo katika mpangilio wa ukurasa. Kisha litazame lile turubai la wanawake wa Algiers la mwaka 1834, lililomalizwa Paris. Kusitasita kote kumekwisha. Mgeni wa siku chache amekuwa mwenyeji chumbani. Safari hiyo, kutoka daftari linalotetemeka hadi turubai linalojua kila kitu, ndiyo ukoloni ukijifunza kuandika. Assia Djebar aliliona hilo alipokitwaa kichwa cha mchoro huo na kukifanya jina la kitabu chake mwaka 1980. Yeye ni mwandishi wa riwaya. Hakuomba ruhusa ya Idara ya Sanaa.

Nalo lile dai kwamba kuoanisha neno na picha ni mila ya kigeni, lisiloihusu fasihi yetu, latoka wapi? Misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilirembwa kwa nyekundu, nyeusi na manjano na mikono ileile iliyozoea kalamu. Na tuseme nini juu ya kanga? Pindo, mji na jina husomwa pamoja. Mwanamke anayempelekea jirani ujumbe kwa kanga hampelekei maandishi peke yake. Sijasikia bado kwamba jina la kanga ni la Idara ya Kiswahili na maua yake ni ya wengine, ingawa baada ya kikao kile sitashangaa nikisikia.

Kweli, tunazo safari zetu zisizo na picha. Masimulizi ya Selim bin Abakari ya safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896 yalitolewa na Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, na ni maneno matupu. Mimi huwauliza wanafunzi wangu: mtu huyu aliyetazamwa na kila jicho kule alikopita, angalipewa penseli, angalimchora nani kwanza? Swali hilo halina jibu, lakini huwafanya wamsome upya.

Nilipokuwa mwanafunzi London nilikuwa na daftari la namna hii. Sijui kuchora, na sijifichi. Siku moja sokoni Brixton nilimchora mzee aliyekuwa akiuza ndizi na viazi vikuu. Kazi ya dakika moja kwa kamera ilinichukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo mzee aliniona. Akaacha biashara yake, akaja, akadai kuonyeshwa. Akasema pua ile si yake. Akanyang'anya penseli, akairekebisha, kisha akanieleza alikozaliwa na jinsi alivyofika pale, nami nikayaandika aliyoyasema kuizunguka pua yake, kwa kuwa nafasi nyingine haikuwepo. Ukurasa huo ninao. Siwezi kumpa msomaji maneno yake nikamnyima pua, kwa sababu maneno yaliletwa na pua. Na nikiurudia ukurasa wowote wa Delacroix, jambo la kwanza ninalolitafuta ni mstari uliochorwa na mkono usio wake. Sijauona.

Pendekezo la mwanafunzi limo mezani mwangu ninapoandika haya. Sura ya tatu inahusu hasa nani aliruhusiwa kuishika penseli. Naiomba kamati ilijadili upya katika kikao kijacho, na mara hii mwanafunzi aitwe aje na nakala za kurasa zenyewe, tuzitandaze mezani. Mimi nitakuwepo, na sitazungumza kwa sauti ya chini.